Uzi: Ukijua Mwezi una siku ngapi, unajua saa ya maji. Tujadili bamvua, maji mafu na kupatwa

MwalimuWaPwani (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa uvuvi vijana wawili walibishana kuhusu saa ya kwenda mwambani, na mmoja akasema bila simu hakuna mtu anayeweza kujua maji yatajaa lini. Sikutaka kuuteka uzi wa watu, nimeona nifungue huu.

Nasema hivi: mtu wa pwani akijua leo Mwezi una siku ngapi, anaweza kukadiria saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, na anaweza kusema kama mwamba utatoka wazi au hautatoka. Wazee wetu walivua, walisafiri na kupandisha vyombo vyao nchi kavu kwa elimu hiyo. Sisi tunakariri shuleni kwamba Dunia inalizunguka Jua na Mwezi unaizunguka Dunia, tunapasi mtihani, halafu tunapita ufukweni na kuona maji yamekimbia bila kujiuliza yamekwenda wapi. Inaniuma, kwa sababu somo lenyewe linafundishwa pale, mara mbili kila siku, bure.

Nianze na jambo ambalo mtu yeyote wa Unguja, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kwenda kulithibitisha mwenyewe. Siku za bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana na kukauka sana, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hujaa tena alfajiri kwenye saa hizohizo. Hukauka saa nne hadi saa tano asubuhi, na saa nne hadi saa tano usiku. Miaka nenda, miaka rudi. Kwetu huwezi kukuta bamvua ambayo maji yake yamejaa saa sita mchana. Siku za maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano na hupwa saa kumi au saa kumi na moja.

Kwa nini bamvua ina saa zake? Ukilijibu swali hilo umeuelewa mfumo wote wa Dunia, Jua na Mwezi.

Mwezi upo umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa tulipo. Unavuta kila kitu cha Dunia, ila hauvuti sawasawa. Maji yaliyo upande unaoutazama Mwezi yako karibu nao zaidi kuliko kitovu cha Dunia, kwa hiyo yanavutwa zaidi. Maji ya upande wa pili yako mbali zaidi kuliko kitovu, kwa hiyo yanavutwa kidogo kuliko Dunia yenyewe, yanabaki nyuma. Tofauti hiyo ya mvuto inafanya bahari itake kujaa pande mbili kwa wakati mmoja: upande wa Mwezi na upande ulio kinyume chake. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, sisi tunapita pande zote mbili, ndiyo maana tunapata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili.

Lakini wakati Dunia inajizungusha, Mwezi nao haukusimama. Unaelekea mashariki, na kila siku unasogea kiasi kwamba Dunia inabidi iongeze kama dakika 50 za kujizungusha ili iufikie tena. Kwa hiyo siku ya Mwezi ina saa 24 na dakika 50, na kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika 50 za kila siku ambazo wavuvi wote mnazijua.

Jua nalo linafanya kazi ileile, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Mwezi. Mwezi, Dunia na Jua vikikaa karibu na mstari mmoja, kazi zao hujumlishwa na tunapata bamvua. Mstari huo hutokea mara mbili kwa mwezi: siku Mwezi ulipo upande mmoja na Jua, usiku wake ukiwa wa giza na mwandamo haujaonekana, na siku Mwezi ulipo upande wa pili, yaani mwezi mpevu. Mwezi ukionekana nusu, maana yake umekaa pembeni, pembe mraba na Jua. Hapo Jua linapunguza kile ambacho Mwezi unajaribu kukifanya, na maji yanakufa.

Sasa turudi kwenye saa. Siku ya giza la Mwezi, Mwezi unapita juu yetu pamoja na Jua, kwenye saa sita mchana. Siku ya mwezi mpevu unapita utosini saa sita usiku. Zote ni saa sita. Na kwenye pwani yetu maji hujaa takribani saa nne baada ya Mwezi kupita utosini, au kupita upande wa chini ya miguu yetu. Sita ongeza nne ni kumi. Basi. Ndiyo saa kumi ya bamvua, jioni na alfajiri, na ndiyo maana haibadiliki.

Hizo saa nne za kuchelewa vitabu vingi vya shule havizisemi. Vinachora bahari imevimba moja kwa moja chini ya Mwezi, mtu anatoka nje anaona Mwezi uko utosini na maji bado yako mbali, anahitimisha kwamba sayansi imemdanganya. Mchoro ule ni mwanzo tu wa hesabu. Newton alieleza nguvu yenyewe mwaka 1687, lakini ilibidi Mfaransa Laplace, karne iliyofuata, aonyeshe kwamba bahari ni maji yanayokimbia, yana mabara yanayoyazuia na yana kina. Kwenye kina cha kilomita 4, wimbi refu la namna hii linasafiri kama kilomita 700 kwa saa. Uso wa Dunia kwenye ikweta unazunguka kama kilomita 1,670 kwa saa. Maji hayawezi kuufuata Mwezi kwa kasi hiyo hata yakitaka. Yanasukumwa, yanagonga Afrika, yanarudi, yanapishana, na kila pwani inapata kuchelewa kwake. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zinapishana kwa dakika chache tu. Ukiingia ndani ya mito na mikoko, maji yanachelewa zaidi kwa sababu ya njia nyembamba.

Kwa anayetaka kuanza leo, chukua tarehe ya Kiislamu, kwa sababu kalenda hiyo inaufuata Mwezi wenyewe. Tarehe 1 maji hujaa karibu saa kumi na moja jioni. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayofuata. Kupwa ni saa sita na kidogo kabla au baada ya hapo. Bamvua iko kwenye tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Maji mafu yako karibu na tarehe 8 na tarehe 23. Ni makadirio, kosa la nusu saa hadi saa moja lipo. Karibu na bamvua ongezeko la kila siku huwa dogo kuliko dakika 50, na karibu na maji mafu linazidi saa nzima. Mwenye chombo kikubwa atumie jedwali la maji la bandari.

Karibuni tujadili.

MvuviWaKilwa

Mwalimu umeeleza vizuri, na hizo saa ulizotaja ndizo. Sisi huku kama ni bamvua tunajua kabisa saa nne asubuhi akina mama wako mwambani na vijiti vyao vya pweza. Nina swali. Bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani. Unaweza kukuta ya giza imetoa mwamba mpaka kule kwenye kina, halafu ya mbalamwezi ikawa ya kawaida. Miezi kadhaa baadaye zinabadilishana. Babu alikuwa akisema bahari ina zamu. Sababu ni nini?

MwalimuWaPwani

Mkuu, babu aliona sawa kabisa, zamu ipo.

Njia ya Mwezi si duara kamili. Kuna wakati unakaribia hadi kama kilomita 363,000, na kuna wakati unakwenda hadi kilomita 405,000. Nguvu hii ya kuvuta maji inapungua haraka sana kwa umbali: ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo tofauti ya kilomita 42,000 si ndogo hata kidogo, maji yanaihisi.

Mwezi unatoka karibu hadi karibu tena kwa siku 27 na nusu hivi, wakati kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Mizunguko hiyo hailingani, inapishana polepole. Kuna msimu ambapo Mwezi unakuwa karibu siku za giza, basi bamvua ya giza inakuwa kubwa na ile ya mbalamwezi inakuwa ndogo. Baada ya miezi kama saba mambo yamegeuka.

BiMwani_Paje

Assalaam alaykum. Mimi nalima mwani, kwa hiyo haya mnayoyasema kwangu ni ratiba ya kazi. Bamvua ikiingia ndiyo tunashuka kufunga kamba na kuvuna, yakishakufa maji hatuwezi kufanya kitu, mashamba yanabaki yamezama. Nataka kumuuliza ndugu mwalimu mambo mawili. La kwanza, maji hayakauki sana siku yenyewe ya mwezi mpevu, yanakauka sana siku ya pili yake au ya tatu. La pili, mwezi wa tatu na wa tisa maji yanakwenda mbali kuliko miezi mingine, hata wageni wanaoshangaa kutuona wanatembea mpaka kwenye mwamba wa nje bila kulowa magoti. Hilo nalo ni Mwezi?

MwalimuWaPwani

Waalaykum salaam bi. Maswali yako yanaonyesha macho ya mtu anayeshinda baharini, na nashukuru umeyaleta. Kilimo chenu cha mwani kilichoanza upande huo wa mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 kimesimama juu ya hesabu hii ya mbinguni.

La kwanza. Bahari ni nzito, haiitiki papo hapo. Mwezi na Jua vinapojipanga, msukumo unakuwa mkubwa, lakini mwendo wa maji unaendelea kukua kwa siku moja au mbili kabla msuguano wa chini ya bahari haujaanza kuushinda. Kwa hiyo kilele cha bamvua hufuata nyuma ya mpevu. Maji mafu ni vilevile, hufuata nyuma ya nusu Mwezi. Ndiyo maana pale juu nimeandika tarehe 15 hadi 17 na si 14.

La pili linahitaji maelezo marefu kidogo. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23 na nusu. Ndiyo sababu Jua mwezi wa sita linakuwa upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili linakuwa kusini. Katikati ya safari hiyo, kama tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba, Jua liko juu ya ikweta. Mwezi ukiwa wa giza au mpevu kwenye siku hizo, nao unakuwa karibu na ikweta. Vyote viwili vinavuta kwenye ukanda uleule, na sisi tumekaa karibu na ukanda huo. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili, Jua na Mwezi vinavuta wakati viko kaskazini sana au kusini sana, na nguvu ya kusukuma maji mara mbili kwa siku inapungua. Kwa hiyo bamvua za Machi na Aprili, na za Septemba na Oktoba, ndizo kubwa za mwaka. Ikitokea Mwezi nao uko karibu, kutoka maji yalipojaa hadi yalipokauka kunaweza kufika karibu mita 4 Unguja. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni kama mita 1 tu.

Niongeze kwa watu wa Dar es Salaam. Bamvua za Machi na Aprili zinakutana na masika. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, Mto Msimbazi unakosa pa kumwaga maji yake na Jangwani inazama haraka. Mvua ileile ikinyesha wakati maji yamepwa, mto unatiririka. Naamini watabiri wetu na watu wa maafa wangetangaza saa ya maji pamoja na tangazo la mvua, watu wa mabondeni wangejipanga mapema zaidi.

KijanaWaKigamboni

Mwalimu samahani, hapa kuna kitu hakiniingii. Jua ndilo limeishika Dunia isitoke kwenye njia yake. Tena umesema mvuto. Jua likiwa na nguvu ya kuishika Dunia nzima, inakuwaje lishindwe na kimwezi kwenye kuvuta maji? Nimewahi kuuliza darasani nikaambiwa tu Mwezi uko karibu, swali likaisha.

MwalimuWaPwani

Mdogo wangu, ulistahili jibu refu zaidi ya hilo, maana hata mimi ni swali ninalolipenda.

Uko sahihi: Jua linaivuta Dunia karibu mara 180 kuliko Mwezi unavyoivuta. Lakini maji hayajali yanavutwa kiasi gani kwa jumla. Yanajali tofauti ya mvuto kati ya upande huu wa Dunia na upande ule. Kama kila tone la bahari na kila jiwe la Dunia vingevutwa sawasawa kabisa, vyote vingekwenda pamoja na hakuna ambacho kingejaa wala kupwa.

Chukua kipenyo cha Dunia, kilomita 12,742. Ukikilinganisha na umbali wa Mwezi, ni kama sehemu 1 ya 30. Kwa hiyo upande wa karibu na upande wa mbali vinapata mvuto wa Mwezi tofauti, tofauti ya kuonekana. Jua liko kilomita milioni 149.6. Kipenyo kilekile ni sehemu 1 ya 11,700 ya umbali huo. Kwa Jua, upande wa karibu na wa mbali ni karibu kitu kimoja. Ukizidisha, mara 180 za nguvu zinaliwa na umbali ambao ni mara 390, unabaki na kama asilimia 46 ya kazi ya Mwezi. Ndiyo ile "isiyofika nusu" niliyoandika mwanzo.

Hata wakubwa waliteleza hapa. Galileo, pamoja na akili yake yote, alikataa kwamba Mwezi unahusika, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1632 akatumia maji kujaa na kupwa kama ushahidi kwamba Dunia inazunguka. Hitimisho lake kuhusu Dunia lilikuwa kweli, ila sababu aliyoitoa haikuwa.

MtuWaZiwa

Nawasoma kutoka Mwanza. Ziwa letu ni kubwa kuliko nchi za watu, mbona halijai na kupwa? Au Mwezi unachagua chumvi?

MwalimuWaPwani

Hauchagui chumvi mkuu, unachagua upana. Bahari ya Hindi inatoka Afrika hadi Australia, kwa hiyo maji ya upande mmoja na upande mwingine yanavutwa tofauti na yana nafasi ya kukimbilia. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, ni dogo mno mbele ya Dunia. Mwezi unalisogeza kwa kiasi kidogo sana ambacho upepo mmoja wa alasiri unakifuta. Mnapoona ziwa limepanda au kushuka kwa mita, hiyo ni mvua, mito na maji yanayotoka kwenda Nile.

Lakini msijione Mwezi umewasahau. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na wa Tanganyika wanavua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa wanapumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa tena kama mbingu yote ina mwanga. Pwani tunafuata mvuto wa Mwezi, ninyi mnafuata mwanga wake. Na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna watu wananiuliza, Mwezi ukiwa hauonekani nguvu ya bamvua inatoka wapi? Mwezi upo palepale na uzito wake uleule, ni kwamba upande uliomulikwa na Jua umetupa kisogo. Giza la Mwezi halisababishwi na kivuli cha Dunia. Kivuli cha Dunia ni habari ya kupatwa.

DamuYaMbarali

Hapo kwenye kupatwa umenigusa. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, watu walijaa kutoka kila pembe na sisi wenyeji hatujawahi kuona umati ule. Jua likabaki pete. Sasa mwalimu, ulisema Jua, Mwezi na Dunia vinakaa mstari mmoja mara mbili kila mwezi. Mbona Jua halipatwi kila mwezi?

MwalimuWaPwani

Hongera mkuu kwa kuwapo pale, ni jambo la kuwahadithia wajukuu.

Nilisema karibu na mstari mmoja. Njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Miezi mingi Mwezi unapita juu kidogo au chini kidogo ya Jua, kivuli chake kinapita pembeni ya Dunia na hakuna anayejua. Ni mpaka giza la Mwezi liangukie kwenye mojawapo ya sehemu mbili ambapo njia hizo zinakatana, na msimu huo unarudi takribani kila baada ya miezi sita. Bamvua haihitaji mstari ulionyooka hivyo, nyuzi tano hazipunguzi kitu cha maana, ndiyo maana bamvua tunaipata kila baada ya wiki mbili na kupatwa tunakusubiri.

Pete mliyoiona nayo ina sababu yake. Jua lina kipenyo mara 400 ya Mwezi, na lipo mbali karibu mara 400, kwa hiyo machoni petu vinalingana. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kidogo kwenye njia yake, ukawa mdogo mno kulifunika Jua lote. Tarehe 2 Agosti 2027 Mwezi utakuwa karibu, na Jua litafunikwa kabisa kuanzia kusini mwa Uhispania, kupitia Afrika ya kaskazini, hadi Luxor huko Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Sisi tutaona limeliwa sehemu tu. Mwenye ndugu Jeddah au Makka aanze kupiga simu. Na tafadhali, macho yalindwe kwa miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua, miwani ya kawaida ya jua haitoshi.

Kupatwa kwa Mwezi ni upande wa pili wa jambo hilohilo: Dunia inakaa katikati siku ya mpevu. Tarehe 7 Septemba 2025 wengi wetu tuliuona umekuwa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa zaidi ya saa nzima. Wekundu ule ni mwanga wa Jua uliopita kwenye hewa ya Dunia ukapinda na kuufikia Mwezi. Kutazama huko hakuhitaji kinga yoyote.

MzalendoMuscat

Salaam kutoka Oman. Nimezaliwa Unguja na naishi huku. Nimeona mambo mawili. Hapa Muscat maji mawili ya siku moja hayalingani, moja linajaa sana na jingine kidogo, na saa zake si zile za nyumbani. Pili, mwandamo wa nyumbani umelala kama dau, wa huku umeinama kidogo. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo niliuona karibu umesimama.

MwalimuWaPwani

Umeleta hazina, ahsante.

Maji ya huko kutolingana kunatokana na Mwezi kutokukaa juu ya ikweta muda wote. Mwezi ukiwa kaskazini au kusini ya ikweta, yale maeneo mawili yanayotaka kujaa yanakaa mshazari, na mtu anayezunguka na Dunia anapita kwenye kubwa moja na dogo moja. Umbo la Bahari ya Arabuni linaikuza tofauti hiyo. Kwenye pwani yetu ni ndogo, maji mawili ya siku yanakaribia kulingana.

Kuhusu mwandamo: upande wake unaong'aa unaliangalia Jua lilipozama. Karibu na ikweta Jua linazama likishuka wima, na Mwezi uko juu yake, kwa hiyo sehemu inayomulikwa ni ya chini. Ukienda kaskazini Jua linazama likishuka mshazari, Mwezi unabaki pembeni yake, na mwandamo unasimama. Vitabu vyetu vingi vimechorwa kwa macho ya huko, mtoto wa Lindi anajifunza mwandamo uliosimama ambao hajawahi kuuona. Ningependa waandishi wetu wa vitabu waurekebishe mchoro huo.

Mpita_Njia

Ni kweli Mwezi unatukimbia?

MwalimuWaPwani

Kweli, sentimita 3.8 hivi kwa mwaka. Wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15 waliacha vioo Mwezini kati ya 1969 na 1971, na tangu hapo wanasayansi wanarusha mwanga wa leza na kupima muda wa kurudi. Sababu ni maji haya haya tunayoyajadili. Bahari inaposuguana na Dunia inapunguza kasi ya Dunia kujizungusha, na kasi iliyopotea inahamia kwa Mwezi na kuusukuma nje. Siku inarefuka kama sehemu mbili za elfu moja za sekunde kwa kila karne moja. Ni kidogo, lakini mwaka 1963 mwanasayansi John Wells alihesabu mistari ya ukuaji kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ya zaidi ya miaka milioni 350, akakuta mwaka wa wakati huo ulikuwa na siku kama 400. Matumbawe ndiyo yaliyotunza kumbukumbu hiyo.

MamaWawili

Mwalimu, nimesoma yote. Tunakuja pwani likizo na watoto, kwa kalenda ya Kiislamu itakuwa tarehe 20. Nataka niwapeleke waone viumbe vya mwambani. Niende saa ngapi, na ni salama?

MwalimuWaPwani

Karibu sana dada. Tarehe 20, kwa kanuni yetu, unaongeza dakika 50 mara 19 kwenye saa kumi na moja jioni, unapata maji kujaa karibu saa tatu asubuhi. Kupwa ni saa tisa alasiri hivi. Ila bamvua itakuwa imeshapita siku tatu na maji yanaelekea kufa, mwamba hautatoka wote. Kama unaweza kusogeza likizo hadi tarehe 29 au 1, maji yatakauka saa nne hadi saa tano asubuhi na utatembea mbali zaidi.

Kuhusu usalama, sikiliza hili kwa makini. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza yanapanda sehemu 1 ya 12 ya urefu wote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha yanapungua tena. Bamvua ya mita 3.6 inapandisha sentimita 30 saa ya kwanza, mtu anaona bado kuna muda, halafu saa ya tatu peke yake inapandisha sentimita 90. Na karibu na ufukwe kuna mabonde yanayojaa kabla ya mwamba ulikosimama, unajikuta umezungukwa. Kwa hiyo ingia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza tu kugeuka geuka nayo. Wavalishe watoto viatu, kuna viumbe wenye miiba. Tafuta mwenyeji wa hapo aongozane nanyi, ikiwezekana mmoja wa akina mama wa pweza, na umlipe vizuri.

BiMwani_Paje

Akija Paje anitafute hapahapa kwenye uzi, tarehe 29 tutakuwa shambani.